Mayai Yasiyo na Gamba

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam
14 Juni 1981

Kaka Filbert,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Ile hofu ambayo mwandishi wa barua hupaswa kuwa nayo juu ya mwenzake ninayo, ila nimeipunguza kidogo, maana tumeambiwa tubane matumizi.

Nakuandikia kuhusu bata wa dada Selina. Najua wewe ni mganga wa watu na zahanati ya kijiji haina dirisha la bata, lakini katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyesomea maradhi ya kiumbe chochote. Mimi nimesomea lebo tu. Miaka tisa ndani ya stoo ya dawa ya Shirika nimesoma kila kilichoandikwa ubavuni mwa boksi, pamoja na “Usigeuze juu chini”, na huo ndio udaktari wangu.

Dada alikuwa nao ishirini na wawili pale bondeni Jangwani, kwenye lile dimbwi la Msimbazi mbele ya matuta yake ya mchicha. Wamebaki tisa. Hawafi kwa kelele. Bata anasimama, anawaza, anakaa, basi. Na vyura wamenyamaza. Ulipokuja kwenye kozi uliwalalamikia vyura wa Jangwani kwamba wanapiga mdomo kama wapiga debe. Sasa njoo usikilize, utadhani wote wamepandishwa cheo.

Mshukiwa yupo. Hatua kama hamsini juu ya dimbwi kuna mzee Safari, Mzaramo mmoja mkavu, anayeloweka mtoni ngozi za mbuzi za kuwambia ngoma. Ngozi zinanuka mpaka nzi wanakuja kwa zamu. Jumapili dada alimfuata, nami nikiwa nyuma yake.

“We mzee, maji yako yanaua bata wangu!”

“Yangekuwa yangu, mama, ungekuwa unayaomba.”

“Mchawi mkubwa!”

“Mchawi anuke hivi? Mchawi ananukia udi.”

Dada amelipeleka shauri kwa Mrisho, mjumbe wa nyumba kumi. Anataka mzee aondolewe bondeni kabisa.

Mengine ni mazuri. Dada na wenzake wanne wana kikundi cha kuosha chupa. Chupa tupu zinatoka kwetu stoo, wanazisugua kwa mchanga na majivu kwa kuwa sabuni haionekani, na Sabaha wa Kariakoo anazichukua zote kutilia mafuta yake ya nazi. Unajua siku hizi chupa ni adimu kuliko kinachotiwa ndani. Mimi ndiye niliyewaunganishia.

Tuambie bata wapewe nini. Jibu nitamsomea mwenyewe, kama kawaida. Ameanza darasa la kisomo, lakini bado yuko kwenye “baba ana kuku”.

Mdogo wako,
Ignasi

&nbsp;

Zahanati ya Kijiji, Mtondowe, Masasi
29 Juni 1981

Ignasi,

Marahaba. Nimesoma habari za bata nikawaonea wivu, kwa kuwa wana mtu wa kuwaandikia barua. Hapa tangu Machi hatujaona klorokwini. Mtoto akija na homa namfuta kwa kitambaa cha maji, namwandika jina kwenye daftari, namrudishia mama yake. Daftari langu ni safi sana, mkaguzi alilisifu. Uliza hapo kwenu stoo mgao wetu umekwama wapi.

Sasa bata. Siwezi kumtibu mgonjwa kwa kuambiwa kwamba anawaza. Wanataga? Mayai yakoje? Samaki wa dimbwini wapo? Mzee Safari anatia nini kwenye ngozi: chumvi, chokaa, au magome? Ameanza lini kuloweka pale, na bata wameanza lini kufa? Hayo mawili yaandike kwa tarehe.

Na umzuie dada. Mtu hafukuzwi kwa sababu ya harufu. Ingekuwa hivyo, mimi ningefukuzwa seminari kabla ya wewe kuzaliwa.

Kaka yako,
Filbert

&nbsp;

Gerezani
13 Julai 1981

Kaka,

Shikamoo. Majibu yako haya.

Wanataga, lakini afadhali wasingetaga. Yai linatoka bila gamba, kifuko tu. Ukiliweka kiganjani linatetemeka kama lina kesi. Dada alipeleka moja kwa mwalimu wa kisomo, mwalimu akasema ni ubunifu.

Perege wadogo walielea wote wiki moja ya mwezi wa tano, wakaliwa na kunguru, na kunguru nao siku hizi siwaoni. Waliobaki ni mbu. Wamejaa bondeni hata ukifungua mdomo kusalimia unameza wawili. Dada amepata homa mara mbili tangu Juni.

Mzee Safari anatumia chumvi na magome ya mkoko, basi. Ameanza kuloweka pale mwaka 1958. Bata wa dada waliletwa 1977. Wameanza kufa mwezi wa nne mwaka huu. Hesabu hiyo sijamwonyesha dada.

Kuhusu klorokwini: ilikuwepo. Ya maji, ya watoto, shehena nzima. Ilikaa bandarini ikisubiri karatasi, ikaja stoo ikasubiri lori, lori likasubiri springi, springi zikasubiri fedha za kigeni. Machi muda wake wa matumizi ukaisha, nayo ikateketezwa kwa mujibu wa taratibu. Fomu nimeitia sahihi mimi.

Baraza la mjumbe limepangwa Jumapili ya tarehe 27 Septemba, saa nne asubuhi, kwa kuwa kabla ya hapo Mrisho ana semina. Watu wote wa bondeni wako upande wa dada. Hakuna aliyemwona mzee akitia kitu, lakini kila mtu amemnusa.

Dada anauliza, je, awaongezee bata dawa?

Ignasi

&nbsp;

Mtondowe
27 Julai 1981

Ignasi,

Barua yako nimeisoma kwenye benchi la wagonjwa, kisha nikaenda kuisomea tena ndani, mlango nimeufunga.

Awaongezee dawa juu ya dawa ipi?

Nikueleze kitu ambacho lebo zako hazisemi vizuri. Kuna kapsuli za njano, tetrasaiklini, unazijua. Mgonjwa tunamwambia asizimeze na maziwa, kwa sababu dawa ile ikikutana na chokaa iliyomo kwenye maziwa zinashikana kama wachumba, na hakuna inayofanya kazi tena. Watoto wadogo hatuwapi, inakwenda kukaa kwenye meno yao yakawa ya njano. Sasa bata anatengenezea gamba nini, kama si chokaa? Chumvi haifanyi hivyo. Mkoko haufanyi hivyo.

Na klorokwini ni dawa kwa kipimo cha kijiko. Kwa samaki wa ukubwa wa kidole hakuna kijiko. Perege ndio waliokuwa wanakula viluwiluwi vya mbu. Vyura pia. Wakifa hao, mbu wanazaliwa salama, halafu dada anapata homa, halafu anahitaji klorokwini. Ukikaa ukalifikiri hili utacheka, lakini mimi nimeshindwa.

Tena kuna la tatu. Dawa ya kuua vijidudu ikiwa kidogo kidogo majini kila siku, vijidudu havifi, vinajifunza. Siku moja mtu wa Jangwani ataumwa kweli, apewe kapsuli, vijidudu viiangalie hivi tu.

Basi niambie. Mlichomea wapi hizo dawa? Mafuta ya taa ya kuchomea mlipata wapi mwaka huu, wakati hapa tunasali misa kwa kibatari kimoja? Na chupa za dada zilipotoka kwenu zilikuwa tupu?

Filbert

&nbsp;

Gerezani
12 Agosti 1981

Kaka Filbert,

Shikamoo. Hazikuwa tupu.

Nikueleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio uliotufikisha. Kamati iliamua dawa zilizopitwa na wakati zichomwe. Tukaomba mafuta ya taa. Jibu likaja kwa barua yenye mhuri, kwamba mafuta hakuna, tumieni maarifa. Tukakaa kikao kuyatafuta maarifa. Mmoja akasema chupa haiungui. Mwingine akasema chupa ni mali ya taifa. Mkubwa wetu akasema akina mama wanahimizwa kujitegemea. Mimi nikasema nina dada Jangwani. Kwa hiyo unaona, kila mtu alisema jambo la kweli.

Maboksi mia nne ya klorokwini ya maji, makopo mia mbili ya kapsuli. Akina mama wafungue, wamwage, waoshe, wauze. Fomu ya Shirika ina mstari mmoja tu uliopigwa chapa: “Imeteketezwa kwa moto mbele ya…” Kuna nafasi ya jina. Nikajaza jina.

Siku ya kwanza dada aliniuliza, “Ignasi, hii haidhuru?” Nikamjibu, “Dada, dawa idhuru nini? Ingekuwa sumu ningekupa wewe?” Nilisema kwa moyo mweupe, kaka. Nilikuwa sijui. Sasa, lililo baya zaidi ni hili. Mwanzoni walikuwa wanamwaga ukingoni, mchangani. Dada akafikiri, dawa nzuri ya serikali inapotea bure. Akawaambia wenzake wamwagie dimbwini, ili bata wake wapate kinga. Kapsuli alizifungua moja moja kwa mkono wake, akawakorogea.

Kwa ile dawa ya watoto, maji yalinukia machungwa kwa wiki nzima. Watoto walikuwa wanakuja kunusa. Harufu nzuri haishtakiwi. Mzee Safari angeloweka ngozi kwenye sharubati, leo asingekuwa na kesi.

Kuna shehena ya pili. Maboksi mia sita, Alhamisi ya tarehe mosi Oktoba. Kikundi kimeshakubali, dada ndiye mwenyekiti, ametia dole gumba.

Nikisema, ile sahihi yangu ni ya uongo. Uongo juu ya mali ya umma siku hizi unajua unakopelekwa. Nina watoto wanne na nyumba ni ya Shirika.

Ichome barua hii. Kama huna mafuta ya taa, itafune.

Ignasi

&nbsp;

Mtondowe
24 Agosti 1981

Ignasi,

Daftari langu lina upande wa pili, wa wale ambao hawakurudi na mama zao nyumbani. Mwezi huu nimeandika majina matatu. Hao sikuhesabii wewe. Hao ni wa springi.

Lakini mzee Safari ni wako. Na hayo maboksi mia sita ni yako.

Mwambie dada. Usimwambie kwa fomu, mwambie kwa mdomo.

Filbert

&nbsp;

Gerezani
9 Septemba 1981

Kaka,

Nilikwenda. Nilimkuta anapalilia mchicha. Akanipa uji, akaniambia nimekonda, akanionyesha daftari lake la kisomo. Ameandika majina yetu sote watatu, langu amelianza kwa herufi kubwa mpaka imegusa mstari wa juu. Basi tukazungumza kuhusu mvua.

Nimepata njia. Wewe ni mganga, neno lako mjumbe atalipokea. Andika barua fupi kwa dada, nami nitaisoma barazani: kwamba umechunguza dalili, bata wana kideri, ugonjwa wa hewa, hakuna wa kulaumiwa. Mzee atabaki, mimi nitabaki, bata walikwisha kufa. Hakuna atakayepoteza kitu.

Fanya haraka, posta wana uhaba wa magari.

Ignasi

&nbsp;

Mtondowe
17 Septemba 1981

DADA SELINA,

SHIKAMOO. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA ILI USOME MWENYEWE. BARUA HII NIMEMPA TARSIS, DEREVA WA LORI LA KOROSHO. ATAKUPA MKONONI. NENO LIKIWA GUMU MUULIZE MWALIMU WA KISOMO. USIMPE IGNASI.

BATA HAWAKUUAWA NA MZEE SAFARI. WALIUAWA NA DAWA ILIYOMWAGWA DIMBWINI. WEWE NDIYE ULIYEMWAGA, DADA, KWA KUAMBIWA HAIDHURU. HUKUJUA. IGNASI NAYE HAKUJUA SIKU ILE. SASA ANAJUA, NA ANAOGOPA KUKUAMBIA, KWA SABABU KAZINI ALIANDIKA KUWA DAWA ZILICHOMWA MOTO.

MAYAI HAYANA GAMBA KWA SABABU YA KAPSULI ZA NJANO. MBU WAMEZIDI KWA SABABU SAMAKI WAMEKUFA. MCHICHA USIUMWAGILIE MAJI YA DIMBWI.

CHUPA NYINGINE ZITAKUJA TAREHE MOSI. MSIZIPOKEE.

MDOGO WAKO,
FILBERT

&nbsp;

Jangwani
2 Oktoba 1981

Filbert mdogo wangu,

Marahaba. Hii ni barua yangu ya kwanza, naandikia gotini tangu alfajiri, maneno magumu mwalimu ananitajia herufi, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usicheke. Yako nimeisoma siku tatu. Siku ya kwanza nilisoma mpaka “bata”. Siku ya pili nilisoma mpaka “wewe ndiye”, nikaiweka chini ya mtungi. Siku ya tatu nikamaliza. Mwalimu sikumwuliza neno hata moja.

Ignasi sikumwambia kitu. Nilitaka kuona.

Jumapili tukakaa kwa mjumbe. Watu ni wengi. Mzee Safari alikaa benchi lake peke yake, watu wamehamia kule upepo unakotoka. Mjumbe Mrisho akasema, mama, leta maneno yako. Nikasema nina barua ya mdogo wangu mganga, nami macho yangu hayajazoea, Ignasi atanisomea. Nikampa.

Aliitazama. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kisha akasoma kwa sauti nzuri kama mtangazaji: “Dada Selina, shikamoo, huku kwetu mvua bado lakini korosho ni nyingi.” Akasoma korosho muda mrefu, mpaka bei yake. Halafu akasoma kwamba bata wana kideri, ni ugonjwa wa hewa, wala hakuna wa kulaumiwa.

Mjumbe akapiga meza. “Basi, mganga amesema. Mzee abaki. Tumefunga.” Watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Filbert, hapo nilikaa kimya, nakuambia kweli. Niliona mzee amepona na Ignasi amepona. Mama alituachia huyu ana miaka miwili, nimembeba mgongoni mimi. Nikajiambia, Selina, nyamaza, mambo yameisha vizuri. Halafu nikakumbuka Alhamisi. Maboksi mia sita, na mwenyekiti ni mimi.

Nikamnyang’anya karatasi mkononi. Nikasema, kaeni, bado.

Nilisoma kwa kidole. Ilichukua muda kama wa kuchemsha maharage, na hakuna aliyeondoka. Mama mmoja akawa ananisaidia kwa kichwa, nikipata neno anatikisa. Nilipofika “wewe ndiye uliyemwaga” nikasimama. Mjumbe akasema, “Endelea, mama.” Nikasema, ngoja, hapa ni mimi. Nikalisoma mara mbili, wasije wakasema nimeliruka. Kisha nikasoma ya Ignasi.

Mjumbe akamwuliza, “Kijana, ni kweli?”

Ignasi alikuwa anaangalia chini. Akasema, “Ni kweli yote aliyosoma dada. Korosho nimezitunga.”

Watu wengine walicheka. Mjumbe hakucheka. Akanyofoa karatasi kwenye daftari langu la kisomo, akamwambia aandike, atie sahihi. Akaandika kurasa mbili, mwandiko mzuri, mpaka idadi ya makopo. Jumatatu mjumbe akaipeleka kwenye tawi la Chama. Jumanne Ignasi akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hatujui ataitwa wapi. Watoto wake wawili wako kwangu. Yeye anashinda hapa, anabeba maji ya bomba kumwagilia mchicha, safari kumi na mbili asubuhi, tena hajasema neno la kuchekesha tangu Jumapili. Simzoei hivi.

Jana lori lilikuja. Sabaha alikuwa ametoka Kariakoo kuja kungojea chupa zake, akatuambia sisi tuna wazimu, mwaka huu mtu anakataa chupa? Wenzangu wawili wamenikasirikia, walikuwa wanazitegemea. Nikamwambia dereva, hatupokei. “Mama, mimi nizipeleke wapi?” Nikamwambia, zirudishe zilikotoka. Akaondoka kuelekea Buguruni. Stoo iko Gerezani, na Gerezani si upande huo. Nimemwambia Ignasi, akaandika namba ya gari.

Nimesahau ya mzee. Siku ile ya baraza alikuwa ameshafunga ngozi zake zote na godoro na sufuria, ziko mlangoni, maana hakutegemea kama tutamsikiliza. Nilimfuata nikamwomba msamaha, nikamwambia, fungua, baba, ukae.

Akasema, “Mimi niliyefunga, tena nifungue mimi? Mlionifungisha mpo.”

Basi tukaenda, mimi na Ignasi. Mafundo yalikuwa yamekaza, kamba imelowa. Ignasi akaomba kisu. Mzee akakataa, akasema kamba haijamkosea mtu. Tukafungua kwa kucha mpaka alasiri, mimi upande huu na Ignasi upande ule, ngozi ziko katikati yetu zinanuka, na hakuna aliyeziba pua.

Dada yako,
Selina